Maswali ya wasomaji: kusimulia kwa Kiingereza alichosema mwenzako

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka Arusha na Moshi zimekutana kwenye jambo moja: namna ya kuyachukua maneno aliyoyasema mtu na kuyasimulia kwa Kiingereza, yaani kutoka kauli halisi kwenda kauli taarifa. Tumeziweka pamoja.

Shikamooni walimu. Niko kidato cha tatu, naishi Sakina, Arusha. Jedwali la kubadili nyakati nimelikariri lote, lakini nikiandika haraka narudi palepale: "She said that she is sick". Mwalimu anakata. Kwa nini "is" iwe kosa wakati alipokuwa anaongea alikuwa anaumwa kweli?

Marahaba. Umeuliza kwenye mzizi wenyewe. Kosa hilo linatoka kwenye Kiswahili chako, na Kiswahili chako hakina kasoro. Tunasema "Alisema anaumwa". Ile -na- haihesabu kuanzia leo, inahesabu kuanzia dakika aliyokuwa anasema. Kiingereza huhesabu kuanzia pale alipo msimulizi. Ukishatamka "said" umeliweka jambo nyuma yako, na vitenzi vinavyofuata huvutwa nyuma pamoja nalo. Ndiyo maana "Alisema anaumwa" inakuwa "She said that she was sick", na "Alisema alikuwa anaumwa", ambapo ugonjwa uliyatangulia maneno, inakuwa "She said that she had been sick". Ukiandika "was" kwa kufuata -li- ya Kiswahili katika sentensi ya pili, utakuwa umesema jambo jingine.

Basi Kiswahili kikusaidie badala ya kukuponza. Kabla ya kuandika, isimulie sentensi kichwani kwa Kiswahili cha kawaida, kisha tazama kiambishi cha wakati kwenye kitenzi kinachofuata baada ya "alisema". Ukikuta -na- ya mazoea, tumia umbo la pili la kitenzi: "Alisema anakaa Ngarenaro" ni "She said that she lived in Ngarenaro". Ukikuta -na- ya jambo linaloendelea muda huohuo, tumia "was" au "were" na -ing: "Alisema anaosha vyombo" ni "She said that she was washing the dishes". Ukikuta -me- au -li-, zote mbili kwa kawaida huishia kwenye "had" na umbo la tatu: "Alisema amepoteza begi" na "Alisema alipoteza begi" zote ni "She said that she had lost her bag". Ukikuta -ta-, andika "would": "Alisema atakuja" ni "She said that she would come". Jedwali lako lote la nyakati limo humo.

Vitenzi visaidizi vina njia yao. "Can" huwa "could", na "may" ya uwezekano huwa "might". Lakini "could", "would", "should", "might" na "ought to" hubaki zilivyo, na kitenzi ambacho tayari kina "had" hakirudi nyuma zaidi. Wanafunzi wengi hukwama kwenye "must". Kama ni wajibu, huwa "had to": "You must pay today" inakuwa "He told me that I had to pay that day". Kama ni kukisia, hubaki: "You must be tired" inakuwa "She said that I must be tired". Soma sentensi, jiulize kama kuna amri au kuna kubahatisha, ndipo ubadilishe.

Kumbuka pia kwamba mvuto huu wa kurudi nyuma hautokei kama kitenzi cha kusimulia kiko wakati uliopo. Ukiwa umeshika simu unamsomea mama ujumbe wa dada, unasema "She says that she is sick", na "is" hapo ni sahihi kabisa. Kwenye mtihani, kabla ya kugusa chochote, angalia kama umepewa "says" au "said". Maksi nyingi hupotea kwa kubadilisha kisichotakiwa kubadilishwa.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya utalii wa mlimani, Moshi. Viongozi wa misafara hupiga simu kutoka kambini, mimi naandika walichosema na kutuma kwa mawakala na familia za wageni nje ya nchi. Wakala mmoja aliniuliza ile "tomorrow" niliyoandika ni kesho ya nani. Nimalize vipi tatizo hili?

Tuuchukue ujumbe mmoja tuufanyie kazi neno kwa neno. Jumanne jioni kiongozi anapiga kutoka Horombo, kambi iliyo mita kama 3,720 kutoka usawa wa bahari kwenye njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, na anasema:

"I am taking one guest down to Mandara tomorrow. She vomited last night and she still has a headache. We don't need a stretcher here."

Wewe unaandika Jumatano ukiwa Moshi mjini. Kauli taarifa ya kitabuni ni hii:

"The guide said that he was taking one guest down to Mandara the next day. He said that she had vomited the night before and that she still had a headache. He added that they did not need a stretcher there."

Tazama yaliyobadilika. "I" imekuwa "he", na "we" imekuwa "they" kwa sababu wewe hukuwa kambini. "Tomorrow" imekuwa "the next day", na ile "the" haiachwi, kwani "next day" peke yake haitoshi. "Last night" imekuwa "the night before". "Here" imekuwa "there". Kwa utaratibu huohuo "today" huwa "that day", "yesterday" huwa "the day before" au "the previous day", "now" huwa "then", "last week" huwa "the previous week", na "two days ago" huwa "two days before". "This" huwa "that", au mara nyingi "the" tu.

Sarufi hapo imetimia, lakini kwa kazi yako haitoshi. Msomaji wa London akiona "the night before" atajiuliza: usiku uliotangulia simu, au uliotangulia barua pepe? Kiongozi alipiga Jumanne, kwa hiyo mgeni alitapika usiku wa kuamkia Jumanne. Anayehesabu saa za mgonjwa mlimani hawezi kukisia usiku. Andika siku kwa jina lake na mahali kwa jina lake:

"On Tuesday evening the guide said that he was taking one guest down to Mandara on Wednesday. He said that she had vomited on Monday night and that she still had a headache. He added that they did not need a stretcher at Horombo."

Sentensi za namna hii zinasomeka vilevile leo, kesho na baada ya mwezi, na hakuna wa kuuliza kesho ya nani. Kwa taarifa yoyote ya afya, malipo au safari tunashauri hivyo daima, na tunaona ni bora kuliko "the next day" hata pale sarufi inapoiruhusu.

Kama unaandika Jumanne hiyohiyo usiku, mara tu baada ya simu, unaweza kuiacha "tomorrow" kama ilivyo, na hata "still has", kwa kuwa kesho bado ni kesho na kichwa bado kinauma. Maneno ya wakati na mahali hubadilika pale tu msimulizi anapokuwa amehama siku au mahali. Ukiwa kambini pamoja na kiongozi, "here" yake ni "here" yako.

Jambo jingine linalokuja na simu za kambini: saa. Kiongozi akikwambia kwa Kiswahili "tumefika saa tisa alasiri", katika Kiingereza ni "He said that they had arrived at 3 p.m.", na "saa tatu usiku" ni 9 p.m. Anayetafsiri huku anasimulia hufanya kazi mbili kwa mpigo, na saa ndiyo huanguka kwanza. Andika saa ya Kiingereza pembeni ukiwa bado kwenye simu.

Tahadhari ya mwisho ni nafsi. "He told him that he had his passport" haisemi pasipoti iko kwa nani. Watu wawili wa jinsia moja wakiwa kwenye sentensi, rudia nomino: "The guide told the porter that the guest's passport was with the cook". Kurudia neno si aibu pale linapozuia pasipoti kutafutwa kwenye begi lisilo lake.

Mimi ni mpokea wageni kwenye hoteli ya Njiro. Kwenye daftari la zamu huandika "The guest asked me where is the swimming pool" au "He asked that do we have hot water". Meneja anasahihisha kila siku ila hanielezi sababu.

Katika Kiswahili mpangilio haubadiliki: "Bwawa liko wapi?" na "Aliuliza bwawa liko wapi" ni maneno yaleyale. Kiingereza, kinapouliza moja kwa moja, hupeleka kitenzi mbele ya mtenda au huita "do", "does" na "did" zisaidie. Ukishaandika "asked", sentensi yako ni maelezo, si swali tena, kwa hiyo mtenda anarudi mbele, msaidizi anaondoka, na alama ya kuuliza inakuwa nukta: "The guest asked me where the swimming pool was." "He asked if we had hot water."

"That" haikai na swali. Kama swali lilianza na "where", "when", "how", "why" au "what", neno hilohilo ndilo linaunganisha. Kama lilikuwa swali la ndiyo au hapana, weka "if" au "whether", zile tunazoziwakilisha zote kwa "kama". Mara nyingi zinabadilishana, ila chagua "whether" panapofuata "to" na kitenzi: "He wanted to know whether to book a taxi or wait for the shuttle." Hapo "if" haikubaliki.

Angalia "did" kwa makini, maana inapoondoka huacha wakati wake nyuma. "Did anyone call me?" inakuwa "She asked whether anyone had called her". Wengi huiondoa "did" na kuandika "whether anyone call her", na hapo wakati umepotea kabisa. Halafu kuna "Who took my key?". "Who" ndiye mtenda, hakuna kilichohama tangu mwanzo, basi hakuna cha kurudisha: "He asked who had taken his key".

Kwa kazi ya mapokezi hili ndilo kubwa zaidi: si kila chenye alama ya kuuliza ni swali. Mgeni akisema "Can you bring me a towel?" haulizii uwezo wako. Ukiandika "He asked if I could bring him a towel", wa zamu ya usiku atakuelewa, lakini "The guest asked me to bring him a towel" inaonyesha wazi kwamba kuna kazi ya kufanya. Na mbeba mizigo akisema "Shall I carry your bag?", andika "The porter offered to carry her bag". Jiulize mtu alitaka nini, siyo alitumia alama gani.

Mimi ni mama wa watoto wawili wa shule, Pasua, Moshi. Mwanangu ameandika "The teacher told us to don't make noise" akakatwa. Mimi nasikia iko sawa. Nimweleze vipi?

Mama, mwanao amekosea kidogo sana. Mwambie aanze na Kiswahili: "Mwalimu alituambia tusipige kelele." Kitenzi "tusipige" kina nafsi lakini hakina -na-, -li-, -me- wala -ta-. Kila akikutana na kitenzi cha namna hiyo baada ya "aliniambia" au "alituambia", ajue ni amri, na amri kwa Kiingereza huchukua "to" na kitenzi kitupu. "Alituambia tukae" ni "He told us to sit down". "Alituambia tusubiri" ni "He told us to wait", ingawa "tusubiri" haiishii na -e. Penye "si" ya kukataza, "not" hutangulia "to" na "don't" huondoka: "The teacher told us not to make noise."

Muongezee na hili la "say" na "tell", ambalo tayari analijua bila kujua kwamba analijua. "Ambia" lazima ibebe anayeambiwa: aliniambia, alituambia. "Tell" iko hivyohivyo: "told me", "told us". "Sema" haihitaji, na "say" vilevile: "He said that he was late". Asiandike "He said me" wala "He told that".

Akikuta "please" kwenye kauli halisi, haihamishi. Adabu yake huingia kwenye kitenzi, "asked" au "begged" badala ya "told". Na "Let's go home" haina mwenye kuamriwa, ni pendekezo: "He suggested going home". Kosa la kuepuka hapo ni "He suggested me to go", ambalo tunaliona hata kwa watu wazima. Sahihi ni "He suggested that I should go".

Mwalimu, Usa River. Mwanafunzi ameandika "The teacher said that Kilimanjaro is 5,895 metres high". Mwenzangu anataka "was". Nani yuko sahihi?

Mwanafunzi yuko sahihi, na "was" nayo si kosa. Jambo ambalo bado ni kweli linaweza kubaki wakati uliopo. Tofauti ni kwamba ukiandika "is" na wewe unalithibitisha, ukiandika "was" unalibeba kama maneno ya aliyesema tu. Kwa urefu wa mlima haina uzito. Kwa "He said that the road is open" ina uzito, maana msomaji ataondoka na gari akikuamini wewe. Kama hujathibitisha barabara, andika "was".

Tukio lenye mwaka wake nalo huweza kubaki: "She said that Tanganyika became independent in 1961", kwani mwaka umeshaonyesha mpangilio. Na masharti ya kufikirika hayaguswi: "If I had money, I would climb the mountain" inakuwa "He said that if he had money, he would climb the mountain". Sharti la kweli ndilo hubadilika, "If it rains, we will stay" ikawa "They said that if it rained, they would stay".

Ni katibu wa shirika moja hapa Arusha. Mihutasari yetu huandikwa kwa Kiingereza, na yangu imejaa "said, said, said". Nibadilishe vipi bila kuharibu maana?

Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mihutasari ya Kiingereza huandikwa kila siku kwenye ofisi nyingi za mji huu, kwa hiyo swali lako ni la wengi. Usikimbilie kitenzi kingine kwa sababu tu "said" imejirudia. Chagua kulingana na alichokifanya mtu kwa maneno yake: aliahidi, alikataa, alipendekeza, alieleza. Kila kitenzi kina umbile lake, na hapo ndipo makosa hutokea. "Promise", "offer", "refuse" na "agree" huchukua "to": "The chairperson promised to write to the bank". "Advise" na "remind" huchukua mtu kisha "to". "Inform" lazima iwe na mtu: "The secretary informed members that the rent had been paid", au "Members were informed that the rent had been paid". "Explain" haimchukui mtu moja kwa moja: andika "explained to members", usiandike "explained members". "Apologise" ni "for", "accuse" ni "of", "insist" ni "on", zote zikifuatwa na -ing.

"Deny" inahitaji uangalifu wa pekee. Mweka hazina amesema "I did not take the receipt book". Ukiandika "The treasurer denied that he had not taken the receipt book" umeandika kwamba anakubali kuchukua, kwa sababu "denied" tayari ina kukanusha ndani yake. Sahihi ni "The treasurer denied taking the receipt book". Muhtasari wenye "not" ya ziada ukishasainiwa, unamsema mtu vibaya kwa maandishi.

Angalia pia vitenzi vinavyohukumu. "Admitted" inamtia mtu hatiani, "claimed" inaonyesha humwamini, "pointed out" inaonyesha unakubaliana naye. Katibu hana mamlaka hayo. Tumia "stated", "reported", "explained", "noted", "proposed" na "asked", na "said" yenyewe, ambayo haimchoshi msomaji kama unavyodhani. Salamu na shukrani zisihamishwe neno kwa neno: "Thank you all for coming" inakuwa "The chairperson thanked members for coming". Mtu akijibu "Yes" kukubali pendekezo, andika "agreed".

Yapo maneno ambayo hayafai kugeuzwa hata kidogo: azimio lililopigiwa kura, pingamizi ambalo mjumbe ameomba liandikwe lilivyo, kipengele cha katiba kilichosomwa kikaoni. Hayo yaweke kwenye alama za mtajo kama yalivyotamkwa. Tanguliza mkato, anza na herufi kubwa, na nukta ya mwisho iwe ndani ya alama: The member said, "I do not agree to the new fee." Na maneno hayo yakiwa yametamkwa kwa Kiswahili, andika Kiswahili chenyewe kwanza, kisha tafsiri yake chini bila alama za mtajo, kwa kuwa maneno ya Kiingereza ni yako, si yake.